Kupunguza Uzito: Tujue Kasi ya Chakula na Wingi Wake

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wahitimu wa kisomo na wanakijiji. Tumeyachapa kama yalivyosomwa.)



 Hatukuja hapa kama waganga. Sisi ni wahitimu wa kisomo kama ninyi. Tunakutana kila Jumatano jioni, tunasoma, tunajadili, halafu tunajaribu nyumbani yale tuliyoyasoma. Leo tunaleta habari ya jambo moja tulilolisoma, tukalielewa vibaya, likatuumbua, ndipo tukalielewa vizuri.

Wazee waliopo wanakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 na ile ya "Chakula ni Uhai" ya mwaka 1975. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, wakatenda. Siku zile hofu kubwa katika habari za chakula ilikuwa upungufu. Upungufu huo haujaisha, ndugu zetu. Lakini siku hizi jambo la pili limeingia kijijini. Katika nyumba moja unamkuta mtoto aliyedumaa, na bibi yake hawezi kuinama kufunga viatu kwa unene.

Na unene huo hauji peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 ulikuta kwamba katika vijiji vya Tanzania vilivyopimwa, watu wazima wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika kila 100. Utafiti wa taifa wa mwaka 2012, mijini na vijijini, uliwakuta karibu 9 katika kila 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64. Upimaji haukuwa wa namna moja, lakini kila mtu anaona njia inakoelekea.

HABARI YA MWENZETU

Katika kikundi chetu yumo mama mmoja wa makamo. Jina lake hatulitaji, ingawa yeye mwenyewe ameturuhusu kusema habari zake. Mwaka juzi alikwenda zahanati kwa ajili ya magoti. Wakampima uzito, wakakuta kilo 88. Wakampima damu, wakamwambia sukari imeanza kupanda, haijawa ugonjwa, lakini iko mlangoni. Akaambiwa, "Mama, punguza uzito." Basi. Apunguze vipi? Hakuambiwa.

Akarudi nyumbani akaacha ugali kabisa. Asubuhi alikunywa chai ya sukari na maandazi mawili, kwa kuwa andazi si ugali. Akaenda shamba. Saa tano jua likiwa kali, macho yakamwingia giza, akaanguka kwenye matuta ya viazi. Wajukuu ndio waliomnyanyua.

Jumatano iliyofuata alitueleza. Tukasema, hili ni jambo la kikundi. Mmoja wetu akatafuta maandishi, akaleta orodha ya vyakula, na mbele ya kila chakula pana namba. Tukaanza kusoma.

KASI YA SUKARI NI NINI?

Vyakula vya wanga, kama ugali, wali, viazi, ndizi na mkate, vikifika tumboni husagwa vikawa sukari. Sukari hiyo yaitwa glukosi. Huingia katika damu, na damu huipeleka kwenye misuli na viungo vyote ili vipate nguvu. Kiungo kiitwacho kongosho hutoa insulini, ambayo hufungua njia ili sukari itoke katika damu na kuingia mwilini. Hivyo ndivyo tunavyopata nguvu ya kulima.

Lakini vyakula havisagwi kwa mwendo mmoja. Fikirini moto wa jikoni. Ukitia nyasi kavu, moto huruka juu, mara huzimika, nawe unatafuta nyasi nyingine. Ukitia gogo gumu, moto huwaka polepole na maji hufika kuchemka bila wewe kusimama hapo. Vyakula vingine ni nyasi. Vingine ni gogo.

Mwaka 1981, David Jenkins na wenzake wa Toronto, nchini Kanada, walichapisha matokeo ya kupima vyakula na sukari za aina 62. Njia yao ni rahisi kueleza. Watu wazima wenye afya hulala bila kula. Asubuhi wanapewa chakula chenye gramu 50 za wanga. Damu yao hupimwa mara kwa mara kwa muda wa saa mbili. Siku nyingine wanapewa gramu 50 za glukosi tupu, na kupimwa vilevile. Glukosi hupewa namba 100, na chakula hulinganishwa nayo. Wataalamu huita kipimo hiki glaisemiki indeksi. Sisi tutakiita kipimo cha kasi ya sukari.

Namba 55 kushuka chini ni kasi ndogo. Kuanzia 56 hadi 69 ni kasi ya kati. Namba 70 kupanda juu ni kasi kubwa. Sasa sikilizeni baadhi ya namba. Ni wastani wa vipimo vingi, kutoka katika orodha ya kimataifa ya mwaka 2008:

Viazi mviringo vya kuchemsha, 78.
Tikiti maji, 76.
Mkate mweupe, 75.
Wali mweupe, 73.
Uji wa mtama mdogo, 67.
Sukari ya mezani, 65.
Chipsi, 63.
Viazi vitamu vya kuchemsha, 63.
Soda, 59.
Magimbi ya kuchemsha, 53.
Embe, 51.
Ndizi mbivu, 51.
Chungwa, 43.
Maziwa, 39.
Maharage, 24.
Soya, 16.

Ugali hauna namba moja. Hutegemea nafaka, na jinsi unga ulivyokobolewa na kusagwa.

TULIPOINGIA MTEGONI

Tulipoipata orodha hii tulifurahi sana. Tulisema, kumbe mambo ni mepesi! Kula vyenye namba ndogo, acha vyenye namba kubwa. Tukaibandika ukutani.

Karanga namba yake ni ndogo mno, haifiki hata 20. Basi tukala karanga. Kila mtu na mfuko wake, shambani karanga, njiani karanga, kwenye mkutano karanga. Tikiti maji tuliliogopa kama nyoka. Baada ya wiki sita tukaenda kupimwa. Yule mama alikuwa ameongeza kilo moja na nusu. Wawili wengine wameongeza vilevile. Tukatazamana.

Ndipo tukaisoma tena ile orodha, safari hii kwa macho ya mtu mzima. Tazameni wenyewe. Sukari ya mezani ni 65, wali ni 73. Je, tuache wali tulambe sukari? Chipsi ni 63, viazi vya kuchemsha ni 78. Je, tuuze sufuria tununue karai la mafuta? Soda ni 59, tikiti ni 76. Je, mtoto akiomba tikiti tumpe soda? Hapana. Hata mtu asiyejua kusoma angekataa.

Namba haikusema uongo. Sisi ndio tuliiuliza swali lisilo lake. Kipimo hiki kinatuambia jambo moja tu: wanga wa chakula hiki unakwenda kwa kasi gani. Hakituambii umekula kiasi gani. Hakituambii mna mafuta kiasi gani.

Chipsi zina kasi ndogo kuliko viazi vya kuchemsha. Lakini gramu 100 za viazi vya kuchemsha zina kalori 87 hivi, na gramu 100 za chipsi zina karibu 300. Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo katika chakula. Gramu moja ya wanga ina kalori 4. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Na karanga zetu? Gramu 100 zina karibu kalori 570, wakati gramu 100 za maharage yaliyopikwa zina karibu 130. Karanga ni chakula kizuri, chenye protini na mafuta mazuri. Kiganja kimoja kinatosha. Mfuko mzima ni chakula cha siku.

Nguvu iliyoingia mwilini isipotumika huwekwa akiba, na akiba ya mwili ni mafuta. Mwili hauulizi ilikuja mbio au ilikuja polepole.

HESABU YA PILI: MZIGO

Wataalamu nao waliona upungufu huu. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walianza kutumia kipimo kinachounganisha kasi na wingi. Tutakiita mzigo wa sukari. Hesabu yake tunaiweza sote. Chukueni kalamu.

Zidisha namba ya kasi kwa gramu za wanga zilizomo katika chakula ulichopakua. Kisha gawa kwa 100.

Wali uliopikwa, gramu 150, yaani bakuli dogo, una wanga karibu gramu 42. Zidisha 73 kwa 42, unapata 3,066. Gawa kwa 100, ni karibu 31.

Tikiti maji, kipande cha gramu 120, lina wanga karibu gramu 6. Zidisha 76 kwa 6, ni 456. Gawa kwa 100, ni karibu 5.

Maharage yaliyopikwa, gramu 150, yana wanga karibu gramu 25. Zidisha 24 kwa 25, ni 600. Gawa kwa 100, ni 6.

Mzigo wa 10 kushuka chini ni mdogo. Mzigo wa 20 kupanda juu ni mkubwa. Mnaona sasa? Tikiti tulilolikimbia ni maji matupu. Na wali si mabakuli dogo mengi tunayokula, ni sahani yenye kilima. Ukila mabakuli matatu, mzigo ni mara tatu.

Basi hili ndilo tulilokuja kuwaambia leo: kasi peke yake haipunguzi mwili. Sharti tutazame kasi na wingi pamoja.

Je, kasi ina faida gani kwa mtu anayetaka kupungua? Ina faida. Chakula cha gogo hukaa na mtu. Wengi wetu tukila kande asubuhi hatusikii njaa ya haraka, lakini tukinywa uji mwororo wenye sukari, saa nne tunatafuta maandazi. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika nchi 8 za Ulaya, kwa watu waliokwisha kupungua. Waliokula protini zaidi pamoja na vyakula vya kasi ndogo ndio waliozuia uzito usirudi vizuri zaidi. Tofauti haikuwa ya maajabu. Kasi ndogo ni msaidizi tu, mkulima ni kula kwa kiasi.

MAMBO YA JIKONI

Sasa tuingie jikoni, maana hapa ndipo kazi ilipo.

Kwanza, kusaga. Mkate mweupe ni 75. Mkate wa ngano isiyokobolewa ni 74. Tulishangaa. Lakini sababu iko wazi: mashine ikisaga laini sana, imekwisha kufanya kazi ya meno na tumbo. Punje nzima huenda polepole, vumbi huenda mbio. Kwa hiyo dona ni bora kuliko sembe kwa kuwa lina vitamini na nyuzinyuzi nyingi zaidi, wala tusiliache. Lakini mtu asidhani kuwa kwa kuwa ni dona basi ale mlima. Kande yenye punje nzima, mahindi na maharage pamoja, ni ya polepole zaidi. Na wazee wetu walikuwa wakiila bila kuambiwa na Kanada.

Pili, kuchanganya. Ugali mtupu wenye mchuzi ni nyasi. Ugali huo huo ukiwa kidogo, pamoja na maharage au kunde, choroko, mbaazi, dagaa au samaki, na mboga nyingi za majani, mwendo wake hupungua. Tumepatana hivi katika kikundi: nusu ya sahani ni mboga, kama mchicha, matembele, kisamvu au majani ya maboga. Robo ni ugali au wali au viazi. Robo ni kunde za aina yoyote, au samaki, au nyama. Mtu akianza kwa mboga na maharage, ugali ukafuata, sukari hupanda taratibu zaidi.

Tatu, mafuta. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori karibu 120. Mama akimimina kutoka kwenye chupa bila kupima, hajui ametia vijiko vingapi. Tulipoanza kupima kwa kijiko, wengi tulikuta tunatia sita pale ambapo viwili vinatosha. Hapo hakuna kasi ya sukari ya kusoma. Mafuta hayana wanga, hayamo katika orodha, na ndiyo yanayotunenepesha kimyakimya.

Nne, vinywaji. Kila mililita 100 za soda ya kola ya kawaida zina karibu gramu 10 za sukari. Chupa ya mililita 350 ni gramu 35, karibu vijiko 9 vya chai. Kinywaji hicho hakishibishi hata mtoto. Na chai ya vijiko vinne, mara tatu kwa siku, ni vijiko 12. Sisi tulipunguza kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili, na ulimi ukazoea. Pombe nayo ina kalori nyingi. Akina baba, tusicheke. Tumelisema kwa ajili yenu.

Tano, kiporo. Ni kweli kwamba wali au viazi vikipoa, sehemu ya wanga wake hugeuka kuwa mgumu kusagika, na kasi hupungua kidogo. Lakini kiporo kilicholala kwenye joto huumiza tumbo. Basi tusikifanye dawa.

SINIA NA MANENO YA WATU

Tulipofika hapa tukagonga ukuta mwingine. Nyumbani kwetu tunakula sinia moja. Nani anaweza kupima robo ya sinia? Mwenye mkono mwepesi anakula zaidi, na mama aliyepika anamalizia makoko usiku huku akionja sufuria. Wengine wetu wamechukua sahani yao. Wengine wameona kuchukua sahani ni kujitenga, wakabaki kwenye sinia na kuhesabu matonge. Yule mama alikuwa akila matonge 14, akashuka hadi 8, na mboga akaongeza. Njia zote mbili zinafaa.

Ukuta mgumu zaidi ni maneno. Kwetu unene umekuwa alama ya raha. Mwanamke akinenepa, mume anasifiwa. Akipungua, watu wananong'ona: mume hamtunzi, au amepata ule ugonjwa. Mwenzetu alipopungua kilo tatu, jirani alimwuliza kisimani, "Umeanza dawa lini?" Alirudi analia. Akataka kuacha.

Ndugu zetu, mtu anaweza kushindwa si kwa njaa bali kwa ulimi wa jirani. Tulimwambia asiende kisimani peke yake. Tulikwenda naye, na kila aliyeuliza tulimjibu sisi: anatibu magoti, na wewe karibu Jumatano. Wawili kati ya waliouliza ni wanakikundi leo. Mume wake naye, ambaye mwanzoni alisema hatakula "ugali mweusi", siku hizi ndiye anayebeba mahindi mashineni na kusema yasikobolewe.

Mpaka sasa umepita mwaka mmoja na miezi miwili. Mama huyu ana kilo 81. Si mwembamba. Sukari ya damu imeshuka, na mwezi uliopita alipanda kilima cha kanisani bila kupumzika. Tunasema ukweli: miezi mingine hakupungua hata nusu kilo, na msimu wa harusi aliongezeka. Lakini hakuanguka tena shambani.

TAHADHARI

Jambo hili si la kila mtu. Watoto, wajawazito, wanaonyonyesha, na wenye kifua kikuu au ugonjwa mwingine unaokondesha, wasijipunguzie chakula wenyewe. Mtu anayechoma insulini au kumeza vidonge vya kisukari asibadili chakula ghafla bila kuongea na mhudumu wa afya, maana dawa ikibaki ile ile na chakula kikapungua, sukari inaweza kushuka mno na kumwangusha. Dalili zake ni jasho, kutetemeka, njaa kali na kuchanganyikiwa. Hapo apewe kitu chenye sukari upesi. Wakati huo, kasi kubwa ndiyo inayotakiwa.

Wengine tupimane. Asiyefika kwenye mizani atumie futi kamba, azungushe kiunoni. Mwanamke akifika sentimita 80, na mwanamume sentimita 94, ajue kuwa ni wakati wa kuanza. Nusu kilo kwa wiki inatosha. Na mtu akikonda bila kutaka, asifurahi. Aende zahanati.

Ndugu wanakisomo, tulipojifunza kusoma tulidhani kazi imekwisha. Kumbe mtu anaweza kuisoma namba na bado asiielewe, kama tulivyofanya sisi na karanga zetu. Orodha bado iko ukutani kwetu. Lakini chini yake tumeandika kwa chaki: "Kasi gani? Kiasi gani?" Nendeni mkaandike na ninyi.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini viazi vya kuchemsha vina namba kubwa kuliko chipsi, na bado ni bora kwa anayetaka kupungua?
2. Chakula kina kasi ya 50, na umepakua chenye wanga gramu 30. Mzigo wa sukari ni ngapi? Ni mdogo, wa kati au mkubwa?
3. Pimeni kwa kijiko mafuta yanayotiwa katika mboga ya nyumba zenu kwa siku moja. Mmepata vijiko vingapi?
4. Mwanakijiji akipungua uzito kwa kukusudia, majirani wafanye nini ili asikate tamaa?